Sahani ya Mama Niliyowauzia Wageni

Sitataja jina langu, na ukinitambua nakuomba unisitiri. Nimekosa! Sina njia ya kulipamba hili, wala sitafuti wa kunitetea. Nilimnyang'anya mamangu mzazi chakula chake, tena mgonjwa asiyeweza kunyanyuka, nikawauzia watu wa likizo, wakala kwa picha na vicheko. Haya, nishasema.

Naandika hapa kwa sababu kwetu siwezi kulisema. Nimekatazwa. Huko mbele utaona ni nani aliyenikataza, na kwa nini ningeona afadhali kama angenipiga makofi.

Sisi ni watu wa Likoni, si mbali na Shelly Beach. Nilikuwa nikifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni, kutandika vitanda na kubadilisha mataulo. Hoteli ikapunguza watu, nami nikawa miongoni mwao. Nilikuwa nishaachika, sina mtoto, nikarudi kwa mama. Haukupita muda mama akapigwa na kiharusi. Upande wake wote wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanamtoka nusunusu.

Nyuma ya nyumba yetu anaishi jirani ambaye mtaa mzima humwita Bi Somo. Yeye na mama wana jina moja. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo, na wao wameitana hivyo tangu wakiwa wasichana wa chuoni wanasoma juzuu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina lake hasa.

Nyumba zetu zimepeana mgongo. Uwa wetu na uwa wake umetenganishwa na ukuta mfupi unaonifika kifuani. Lakini mlango wake unatazama njia nyingine kabisa. Akitaka kuingia kwetu kwa mlango wa mbele ni lazima azunguke hadi barabarani, apande kilima, kisha apande ngazi zetu ambazo hata mimi hunitoa jasho. Na Bi Somo ana magoti mabovu. Kwake kuzunguka kule ni sawa na kuambiwa aende Lamu kwa miguu.

Basi vizee hawa wawili, mmoja hana magoti na mwingine hana upande mmoja wa mwili, wakawa wanaonana kwa sahani. Simu mama alikuwa hataki kuishika. Alikuwa akiona haya somo wake amsikie anavyogugumia.

Kila siku baada ya adhuhuri utasikia sauti nyuma ya ukuta: "Ewe mwana wa somo! Ndoo upokee sahani ya mamako!"

"Abee, Bi Somo!" naitika, natoka mbio.

Sahani yenyewe ni ya kauri, nyeupe, ina maua ya buluu ukingoni, imefunikwa kawa. Ndani mna wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na sikwambii samaki wa kupaka hivi hivi tu! Changu wa siku ile ile, amenunuliwa kwa wavuvi wa pale ufuoni, amechomwa makaa, akapakwa tuwi zito lenye ukwaju, thomu na ndimu hadi likashika rangi. Kisha Bi Somo hukaa chini na vidole vyake akamtoa miiba yote, mmoja mmoja, kwa sababu mama tangu augue hausikii mwiba mdomoni. Alikuwa hali samaki wa mtu mwingine. Chakula changu alikuwa anakionja tu kwa kunionea huruma.

Na kwetu, ukiletewa sahani na jirani huirudishi tupu. Mama alikuwa akilichukulia jambo hilo kama kazi ya serikali. Asubuhi, kabla hata ya chai, ataniita nimletee kikapu, achague kwa mkono wake wa kushoto. "Leo mtilie ndimu." "Leo mtilie ukwaju." Siku nyingine ataniambia, kwa ule ulimi mzito: "Mwambie pilipili jana ilizidi."

Nami nikifika ukutani nafikisha maneno. Bi Somo atacheka hadi ashike kiuno. "Mwambie aje apike mwenyewe, mvivu yule!" Narudi ndani namweleza mama, naye anacheka kwa upande mmoja wa uso. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyabeba.

Sasa sikiliza nilivyoyabeba!

Nilipokuwa hotelini wageni walikuwa wakiniuliza jambo moja kila siku. Wazungu, watu wa Nairobi, wote. "Tukitaka kula chakula cha hapa hapa, si hiki cha hoteli, twende wapi?" Nilikuwa nikiwaonyesha vibanda vya huku na huku. Sasa sina kazi, mama anataka dawa na nepi za wakubwa, nikajiambia, kwani mimi nina nini? Si niwalishe mwenyewe barazani?

Nikapiga picha ya baraza yetu, nikatandika mkeka na meza ndogo, nikaiweka kwenye simu na maneno matamu: Ukija likizo Likoni, usile samaki wa barafu aliyetoka mbali. Njoo ule samaki wa bahari hii, nazi ya mnazi huu, mchicha wa bustani ya jirani. Watu wakaanza kuuliza.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mimi kupika sijui! Mwanamke wa Kiswahili mtu mzima, nimelelewa Likoni, tuwi langu hukatika kila siku kana kwamba tumegombana. Mama alinifukuza jikoni nikiwa msichana kwa sababu nilikuwa nikimharibia vitu, nami nikafurahi nikaenda zangu kucheza. Wageni wa mwanzo nilibahatisha kwa kukaanga. Walikula, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka. Hakuna aliyerudi.

Likizo za Disemba zikafika. Siku moja ikaja familia ya watu wa bara, baba, mama na watoto, nishawaahidi samaki wa kupaka. Nilikuwa nimejitahidi, wallahi. Lakini samaki wangu alikuwa ameungua nje na ndani bado damu, na tuwi limekatika limekuwa mabonge. Watoto barazani wanalia njaa. Baba anatazama saa. Nimesimama mbele ya seredani ya makaa, nataka kulia.

Nikasikia: "Ewe mwana wa somo! Sahani!"

Nikaipokea. Nikafunua kawa, harufu ikanipiga usoni. Bi Somo hutia chakula kingi, kwa sababu alikuwa akinihesabu na mimi. Nikasimama pale uani, sahani mkononi, natazama mlango wa kwenda chumbani kwa mama na mlango wa kwenda barazani.

Nikaenda barazani.

Nilijiambia leo tu. Nilimgawa yule samaki juu ya wali niliopika mimi, nikautandaza uonekane mwingi. Mama nikamkaangia mayai. Alipoyaona akaniuliza, "Somo je?" Nikamwambia, "Leo hakuleta, mama. Labda ana shughuli." Akala mayai yake. Ilikuwa rahisi sana kusema, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Lau wale watu wangekula wakanyamaza, pengine ningeishia pale. Lakini hawakunyamaza! Yule mama alinifuata hadi mlangoni.

"Dada, hii samaki umeitengeneza aje? Haina hata mwiba moja! Watoto wangu hukulanga samaki wakilia, leo wamelamba sahani."

Nami, bila haya, mkono kiunoni: "Sisi Waswahili mgeni hatumwachi ahangaike na miiba, dada. Tunamtolea yote."

Ya Rabi! Ulimi huu! Miiba ile ilitolewa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutafuna vizuri, nami nimeigeuza desturi ya kabila zima. Na niseme ukweli mmoja ambao sijawahi kumwambia mtu. Nepi na dawa zilikuwa kisingizio. Nilichopenda ni kusifiwa. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunisifu kwa mapishi, hata yule aliyeniacha alinitajia jambo hilo akiondoka. Sasa watu wananipiga picha na sahani mkononi, wananiita mpishi. Nikalewa.

Wakarudi, wakaleta wenzao. Wenzao wakaleta wazungu. Na sahani moja, hata iwe imejaa vipi, haitoshi.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo shetani mwenyewe angenipisha njia. Nilikwenda ukutani, nikamwambia Bi Somo: "Mama siku hizi amepata hamu ya kula, alhamdulillahi. Anakula hadi anaomba aongezwe."

Bi Somo aliushika ukuta kwa mikono miwili. Macho yakamjaa machozi. "Alhamdulillahi! Nilijua, mimi. Nilijua somo wangu atainuka. Nitazidisha, mwanangu. Mwambie nitazidisha, ale mpaka ashibe!"

Akazidisha kweli. Sahani ikawa bakuli, bakuli likawa sinia. Yule mama mwenye magoti mabovu akawa anateremka ufuoni asubuhi kwa mkongojo kuwahi changu wakubwa, anakuna nazi zaidi, anakaa chini anatoa miiba ya samaki wawili, watatu. Akiyafanya hayo huku anaimba, nikimsikia nyuma ya ukuta. Alikuwa anamlisha somo wake apone. Mimi nilikuwa nakata ndimu za kupambia meza.

Naye alikuwa akiniuliza kila siku, "Asemaje?" Nikawa natunga. "Asema ahsante." "Asema pilipili leo ni sawasawa." Asubuhi narudisha sinia na ndimu nilizochagua mimi, nasema zimechaguliwa na mama. Mpaka utani wa mama nikautunga, na Bi Somo akaucheka.

Na ndani je?

Ndani mama alikuwa anakula mayai. Siku nyingine mkate wa dukani wa kuchovya katika chai. Siku nyingine uji. Siku za mwanzo kila adhuhuri alikuwa akigeuza shingo kusikiliza. Chumba chake kiko mbele, sauti ya uani haimfikii, lakini alikuwa akisikiliza tu. Wageni wa barazani aliwajua, akidhani nawakaangia samaki mwenyewe. Kisha anauliza, "Somo?" Nami namjibu: ana wageni, amekwenda kwa mwanawe Kisauni, ana mafua. Nilimtia Bi Somo maradhi yote mimi.

Kikapu cha ndimu kilikaa kando ya kitanda mpaka ndimu zikanyauka. Siku moja akaniambia nikiondoe.

"Nimemkosea nini?" aliniuliza. Ilimchukua muda mrefu kulitoa neno hilo zima.

Nikamwambia, "Watu wana mambo yao, mama." Akageuka akatazama ukuta. Mkono wake ulikuwa umekonda, bangili yake ya fedha ikawa inateremka hadi kwenye kiwiko. Niliiona. Ukitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, jua kwamba niliiona bangili ile, kisha nikasikia wageni wanabisha hodi, nikatoka na uso wa tabasamu.

Baadaye huzuni yake ikawa hasira. Akasema, "Akija, usimfungulie." Mtu na rafiki yake wa utotoni! Nami nikajibu, "Haya, mama," kama mtoto mwenye utiifu.

Kila nilichowaambia wageni kilikuwa kweli. Samaki wa bahari ile, kweli. Nazi ya mnazi ule, kweli. Mchicha wa jirani, kweli. Mwongo nilikuwa mimi peke yangu katika meza nzima.

Ramadhani ilikuwa imekaribia niliponaswa. Ile familia ya kwanza ya bara ilikuwa imerudi Mombasa kwa harusi, ikaja kula. Mimi niko barazani nakamua maji ya ukwaju. Yule mama akaniambia anakwenda uani kunawa mikono. Nikamwambia nenda tu, kuna mfereji wa maji. Sikufikiri chochote.

Nikasikia kutoka uani: "Ewe mwana wa somo! Sahani ya mamako hii!"

Niliangusha kikombe. Nilikimbia, wallahi nilikimbia, lakini nilipofika mlangoni mwa uani yule mama alikuwa ameshalipokea sinia, anacheka meno yote nje.

"Haki asante, mathe! Kumbe ni wewe ndio hutupikia? Na vile tumesifu huyu dada! Tulikula samaki yako Disemba, hakuna hata kamwiba kamoja. Watoto wangu mpaka leo wanasema hakuna mahali pa kula kama hapa."

Bi Somo alimtazama. Akatazama juu ya bega la mgeni akaniona mimi, nimesimama na mikono inadondoka ukwaju. Akatazama nyuma yangu, barazani, akaona meza, vitambaa, watoto wamekaa na vijiko vyao wanasubiri.

Sikuona hasira usoni mwake. Niliona anahesabu moyoni, siku baada ya siku, sinia baada ya sinia. Kisha akamwambia yule mgeni, kwa upole kabisa, "Karibuni mle, mwanangu. Chakula kisipoe." Akageuka, akaingia kwake.

Wageni wakala. Mimi nilikaa jikoni chini, nikashindwa hata kuwaletea maji.

Alasiri ilipopita mlango wa mbele ukabishwa. Nikajua. Nilipofungua, Bi Somo alikuwa amesimama ngazi ya juu, ameshika ukuta, jasho linamtiririka hadi kwenye leso. Alikuwa amezunguka kule kote.

"Shikamoo, Bi Somo."

"Marahaba," akajibu. Akanipita akaenda chumbani kwa mama, nami nikamfuata kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Mama alipomwona akageuza uso. Bi Somo akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama. Akauona mkono. Akaiona bangili. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Leo ndiyo umenikumbuka?" mama akasema, bado anatazama ukuta.

Bi Somo akanigeukia. Nilikuwa nimeegemea mlango. Nikangoja aseme. Moyoni nilikuwa nikimwomba aseme, amalize, aniaibishe, mama anilaani, basi. Kisha akajikongoja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, somo," akasema. "Magoti yalinizidi. Nikazembea."

"Hata sahani moja?"

"Hata moja. Nimekosa."

"Hata salamu?"

"Hata salamu, somo wangu. Nimekosa."

Mama akageuka. Alikuwa akilia kwa jicho moja, lile la upande mzima. "Mimi nimelala hapa, nala mayai. Kila siku nakungoja. Nimekutenda nini mimi?"

"Hukunitenda kitu."

"Lau si mwanangu huyu," mama akasema, na mkono wake wa kushoto ukaninyooshea mimi kidole, mimi! "lau si huyu ningalikufa. Huyu ndiye aliyenishika. Wewe ulinitupa."

Na Bi Somo, aliyekuwa akitoa miiba kwa vidole vyake asubuhi ile ile, akainamisha kichwa akasema, "Kweli. Nilikutupa."

Nami nikanyamaza! Jamani, nilinyamaza! Mdomo ninao, miguu ninayo, ningepiga magoti pale pale niseme mama, ni mimi. Nilisimama mlangoni nikasikiliza mtu asiye na kosa anakemewa kwa kosa langu, naye analipokea lote bila kupunguza. Mama alimsema mpaka akachoka. Kisha akampa ule mkono.

"Ramadhani yaja," akasema. "Nimekuwia radhi."

Wakashikana pale, wanalia, wanasemana. Nikatoka nje.

Bi Somo alinikuta kwenye ngazi. Nikaanguka miguuni pake, nikamwambia nakwenda kumwambia mama ukweli sasa hivi. Akanishika bega kwa nguvu nisiyoijua.

"Usithubutu," akasema. "Ukimwambia utapumua wewe, na yeye utamuua. Hana kitu kingine duniani ila kuamini kuwa alizaa mwana. Wataka kumpokonya na hicho?"

"Basi nisamehe wewe, Bi Somo."

"Mimi nshakusamehe. Mimi nini? Mwenye haki yake yumo mle ndani, na yeye huwezi kumwomba." Akashuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Nilitaka kumshika mkono. Akaukunja.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Meza nimeiondoa barazani. Picha nimezifuta. Wageni bado wananipigia, wanauliza kama kuna samaki. Nilipomwambia Bi Somo kwamba naweza kumpelekea yeye wateja hao, alinijibu, "Mimi sipikii wageni. Nampikia somo wangu." Sikurudia.

Kupitisha sahani ukutani kumekwisha. Anakuja mwenyewe kila siku, anazunguka barabara, anapanda kilima, anapanda ngazi kwa yale magoti, sahani imefungwa katika leso. Nimemwambia anipe nimbebee, akakataa. Anaketi kitandani, anamlisha mama kwa kijiko. Mama amenenepa kidogo. Bangili imerudi mahali pake.

Wakimaliza, naichukua sahani kuiosha, na mara ya kwanza nilitia ndimu ndani, nzuri, nimezichagua. Bi Somo alizitoa moja moja, akaziweka mezani, akaifuta sahani kwa upindo wa leso, akaenda nayo tupu. Kesho yake nikatia kaimati nilizonunua. Akazitoa. Zawadi ya mama akimpa kwa mkono wake huipokea na kuibusu. Changu hakigusi. Watu wa nje hawawezi kujua uzito wa hilo. Mimi ningetamani anitukane mbele ya mtaa mzima kuliko kuiona sahani ile ikitoka mlangoni mwetu haina kitu.

Na kuna jambo jingine la kila siku, hilo ndilo linalonimaliza. Mama akishashiba huniita. "Ndoo hapa, mwanangu." Naenda, napiga magoti kando ya kitanda. Ananiwekea ule mkono wa kushoto kichwani, ananiombea dua. Anajua nataka mtoto, anajua nilivyohangaika na mume aliyeniacha.

"Mungu akujaalie mwana," anasema, "awe kama wewe. Akutende kama ulivyonitenda mimi."

Bi Somo yuko pale, kijiko mkononi. Ananitazama, anangoja.

"Itikia amin, mwanangu," mama ananihimiza. "Mbona huitikii?"

Nami naitikia amin. Kila siku naitikia, kisha naenda uani nakaa nyuma ya mlango.

Wewe unayesoma, sitakuhubiria, sina uso huo. Ila kama nyumbani kwako yumo mtu anayengoja chakula, na chakula hicho kimepita mikononi mwako, usisimame uani kutazama milango miwili kama nilivyosimama mimi. Ingia kwake kwanza. Mpe sahani yake ikiwa bado moto, na umwambie ni nani aliyempikia.